Uji wa Jabalini

Kosa la kijinga kuliko yote niliyowahi kufanya nililifanya nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi. Nilisimama mlangoni kwa Mama Kabula, jirani yetu wa Mabatini, asubuhi ambayo wapangaji wenzake wote wa uani walikuwa nje wakifua. Nikabisha hodi, nikamwamkia, kisha kwa sauti ile ile niliyozoea kusomea taarifa mbele ya wanafunzi wenzangu nikasema, "Kanisa limenituma, mama. Je, hapa kwako kuna mtoto mwenye njaa?" Kufua kukasimama. Hata maji ya bomba nadhani yalisimama, ingawa miaka ile yalikuwa yanasimama yenyewe bila sababu. Mama Kabula alinipima kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka. "Mwenye njaa namwona mmoja tu," alisema, "na amesimama mlangoni kwangu. Kwani shangazi yako hakulishi?" Wanawake walicheka mpaka mmoja akajishikiza kwenye kamba ya nguo. Mwingine alimwaga maji ya sabuni karibu na viatu vyangu, na sidhani kama ilikuwa bahati mbaya. Mlango ule ulikuwa wa mwisho kwenye orodha yangu. Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango, nikawasha redio, nikaamua kwamba kazi ya Mungu ifanywe na watu wanaopenda kutembea.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu wiki iliyopita tumemzika Bibi Salome, ambaye ndiye aliyenituma kwenye mlango ule. Mimi si mtu wa kutoka. Nimeishi Mwanza maisha yangu yote, lakini Nyegezi nimefika kwa kusindikiza wageni stendi tu, na Magu nilikwenda mara moja kwenye harusi nikatamani kurudi kabla ya keki. Lakini msiba wa Bibi Salome huwezi kuukwepa. Wanaume wa umri wangu walikaa chini ya turubai wakijadili bei ya saruji na magoti yao. Nilikaa nao kidogo, nikachoka, na kwa mazoea ya zamani nikajikuta nyuma ya nyumba kwa akina mama, juu ya kigoda, kisu mkononi, namenya vitunguu. Hakuna aliyenishangaa. Mama Kabula alikuwa ng'ambo ya sufuria, anachambua mchele, kazeeka vizuri, macho yale yale. "Deo," alisema, "bado tu unakaa na wanawake?" Nikamwambia bado. Basi vitunguu vikanipa sababu ya kutoa machozi mbele za watu, na mwaka wote ule ukarudi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yalikuwa yametoka kwa namna ambayo hakuna aliyeniuliza nitaendelea wapi. Nilikaa kwa Shangazi Monika, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili vilivyoegemea jabali, kama nyumba nyingi za upande wetu. Jabali lenyewe lilikuwa ndilo ukuta wa nyuma wa jiko, na sehemu yake ya chini ililala uani kama tumbo la ng'ombe, laini, limesuguliwa na makalio ya watoto wa mtaa mzima waliokuja kuteleza. Mimi nilikaa sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, nikisikiliza redio na kuwasikiliza wao wakigombana nje. Watu wa mtaa waliniita mwali. "Mwali wenu hajambo?" walimwuliza shangazi. "Hajambo," alijibu, "ananenepa, tunangoja posa."

Kitu cha ajabu cha miaka ile ni kwamba maduka yalikuwa yamejaa. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sukari na kurudi na kibaba, sasa tuliona sabuni za kila rangi, biskuti za nje, redio zenye taa zinazocheza, na watu wamesimama barabarani wanatazama tu, mikono nyuma, kama walioenda kuona wanyama. Ruksa kuuza, ruksa kununua, na kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Baba Kabula kikawa kimepunguza watu, naye akiwa mmoja wa waliopunguzwa. Alikwenda visiwani kutafuta kazi ya kuvua. Alituma salamu mara moja, pamoja na samaki mmoja mkavu, halafu kimya. Sangara sasa walikuwa wanakwenda viwandani kukatwa minofu ya kupeleka Ulaya, na kwetu yakabaki mafuvu na mifupa, ambayo nayo ilikuwa na bei. Mama Kabula alibaki na binti yake, chumba kimoja, na mgongo ulionyooka. Hakuwahi kuja kwetu kuomba hata chumvi.

Ndipo Bibi Salome, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, aliposimama Jumapili moja baada ya matangazo na kusema kwamba kuna watoto Mabatini wanalala bila kula, na kwamba kila Jumatano akina mama watapika uji ukumbini. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. "Kalanga tunazo," alisema, maana ulimi wake wa Kisukuma haukuwahi kupatana na neno karanga. Gunia la karanga lilikuwa limetolewa na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi wa mjini, Mwislamu, ambaye alisema uji hauna dhehebu. "Dagaa tutasaga. Tunataka mtu mwenye miguu wa kupita majumbani kuwaambia wenye watoto." Shangazi yangu alinishika shingo ya shati. "Huyu hapa," alisema kwa kanisa zima. "Miguu anayo, haitumii."

Jumatano ya kwanza, baada ya mimi kupita mlango kwa mlango na swali langu lile, ukumbi ulijaa. Alikuja mtoto wa mwenye bucha, mashavu kama maandazi. Walikuja wajukuu wa mzee wa kanisa. Walikuja wawili wameletwa na dada wa kazi, wakauliza kama kuna sukari ya kuongeza. Walikunywa uji wote, wakalamba vikombe, wakaondoka wakicheua. Akina mama walitazamana. Bibi Salome akanigeukia. "Deo, mwanangu, hawa ndio wenye njaa wa Mabatini?" Nilimwambia kwamba niliuliza kila nyumba, na kila nyumba ilisema haina. Shangazi ndiye aliyenifafanulia tukirudi, mimi nimebeba sufuria kichwani na masizi yanateremka shingoni. "Umemwuliza mtu mlangoni kwake, wenzake wanasikia, kama ameshindwa kulea. Ulitaka ajibu ndiyo, asante? Hawa waliokuja ni wale ambao mama zao hawana la kuficha. Mwenye la kuficha amefunga mlango, na funguo umempa wewe."

Na kweli mlango wa Mama Kabula ulikuwa umefungwa. Kabula mwenyewe lakini alikuwa anakuja kwetu, kwa kuwa jabali ni jabali na watoto hawakuwa na ugomvi. Alikuwa wa miaka kama minne, kanyolewa kipara safi, na kila siku, jua la Mwanza likiwaka hivyo hivyo, alivaa soksi. Soksi nyeupe, ndefu, za kupanda mpaka magotini, zimefuliwa. Niliwahi kumsifu mama yake kwa shangazi: tazama, hana kitu lakini mtoto anavalishwa kama wa mzungu. Kabula hakuteleza na wenzake. Alikaa chini ya jabali, kimya, hakimbii, halii, hagombani, akiwatazama wengine kama mtu mzima aliyechoka. Nami niliyekuwa nawalaani wale wengine kwa kelele nilimpenda sana kwa adabu yake.

Siku moja mchana nilitoka kumwaga maji, nikamkuta soksi moja imeteremka. Nikainama kumpandishia. Mpira wa soksi ulikuwa umeacha alama mguuni, mfereji kuzunguka mguu mzima, na ule mfereji haukupotea. Nilibonyeza kidogo kwa kidole gumba. Kidole kiliacha shimo, likabaki, kama kwenye unga uliokandwa. Kabula hakulalamika. Alinitazama tu. Kichwani, pale wembe ulipokuwa haujapita kwa siku chache, nywele zilikuwa zinaota rangi ya kutu. Mimi ugonjwa ule niliuchora kwenye mtihani wa Biolojia: tumbo, miguu, nywele, na mishale ya kuonyesha, jina lake kwashakoo likiwa juu kwa herufi kubwa, na pale nilipata alama nzuri, mojawapo ya chache. Mtoto mwenyewe alikaa jabalini kwetu wiki nenda wiki rudi, bila mishale, nikaona ni adabu.

Niliingia ndani nikamwambia shangazi. Yeye aliketi. Halafu akamwita Bibi Salome, nao wakafunga pazia la chumba cha kulala, kana kwamba pazia linazuia sauti ile. Mimi nilikuwa kwenye kochi, redio nimeizima. "Mtoto huyo atakufa," nilimsikia Bibi Salome akisema. "Mguu ukishafika hivyo hakuna mchezo. Kesho tunakwenda akina mama wote, tunaimba, tunampelekea unga na maharage mpaka mlangoni." "Mkienda mnaimba," shangazi akasema, "kesho kutwa atahama na huyo mtoto, na hutajua alikohamia. Yule atafia ndani na mwanawe kuliko kuimbiwa." "Sasa tunafanyaje, Monika? Tumwache?" Nikasikia kitanda kikilia, mmoja wao amejigeuza. Ndipo mimi nikafungua mdomo, nikasema kupitia pazia kwamba uji upikwe hapa, uani kwetu. Wote wawili walitoka kunitazama. Bibi Salome alinishika kichwa akasema Roho amesema nami. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kupeleka kuni na sufuria kanisani. Roho, kama alihusika, alipitia kwenye uvivu.

Lakini kwa watu wa kwetu lilikuwa jambo la maana. Mtoto aliyekutwa uani chakula kikiiva ananawishwa mikono na kula, haulizwi ni wa nani. Hakuna kanisa hapo, hakuna hisani, ni mtoto na sufuria. Basi Jumatano tukapika jabalini, na siku nyingine pia, maana Bibi Salome alisema tumbo halina Jumatano. Mimi nilipewa kazi ya dagaa. Nilishuka mwaloni, ufukweni wanakoshusha samaki, nikachagua mwenye bei nafuu, nikafurahia ujanja wangu, nikapeleka mashineni wakasagwa. Sikujua kwamba dagaa wa bei nafuu ni wale walioanikwa chini, na kwamba mchanga wa ziwa unauziwa pamoja nao. Uji ule ulilia menoni. Watoto walitafuna kinywaji. Mwenye bucha alituma mtu kuuliza kama tunajenga.

Kibaya zaidi, Kabula hakunywa hata huo. Watoto wote walikaa mstari, lakini mara tu sufuria ilipoteremshwa motoni, yeye alisimama, akapandisha soksi zake, akaenda kwao. Kesho yake vile vile. Mama yake alikuwa amemfundisha adabu ya zamani: ukiona jirani anaepua, rudi nyumbani, usije ukaonekana unangojea. Shangazi alimwita, "Kabula, njoo mjukuu wangu, kuna uji." Mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Nimeshiba, shikamoo." Alikuwa anatembea miguu imetanuka kidogo kwa uzito wa maji. Shangazi aligeukia jiko, akakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa.

Siku ya tatu nikaletewa dagaa wengine, nao wana mchanga. Shangazi akaniambia, "Nenda kwa Mama Kabula ukaazime ungo." Nikamkumbusha kwamba tunao ungo, umening'inia ukutani. "Nimesema kaazime." Sijawahi kutembea hatua nzito kama zile. Safari hii sikuvaa shati la pasi. Nilisimama mbali na mlango, nikaamkia, nikasema shangazi anaomba ungo, dagaa wana mchanga. Mama Kabula alikuwa ameketi kizingitini. Alifikiri, macho yakanisoma nione kama kuna kanisa nyuma yangu. "Ungo wenu umefanya nini?" "Umetoboka," nilisema, na huo ulikuwa uongo wa kwanza nilioutunga vizuri. Akamwita binti yake. "Kabula, mpelekee shangazi ungo. Ungoje akimaliza, urudi nao. Usiuache, watu hawarudishi."

Basi Kabula alikaa pembeni ya ungo wao kama askari, na hakuweza kuondoka sufuria ilipoepuliwa, maana ametumwa. Shangazi alimaliza kupepeta, akajaza kikombe, akakiweka mbele yake. "Mwenye ungo anaanza," alisema. Mtoto akatazama kikombe, akatazama njia ya kwao. Akanywa. Alikunywa taratibu sana, kwa mikono miwili, na mimi nilijikuta nimeshika mwiko hewani sikumbuki kwa nini. Ungo ulirudi na bakuli la karanga na dagaa waliochambuliwa, kwa sababu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hilo hata Mama Kabula asingeweza kulikataa bila kuvunja adabu yake mwenyewe. Kesho yake nilienda kuazima tena. Na kesho kutwa.

Siku ya nne au ya tano ya kuazima, Mama Kabula alikuja mwenyewe. Tulimwona anavuka uani, kanga imefungwa kwa nguvu, na akina mama wote wakawa na shughuli. Nilijua amegundua. Alisimama juu ya shangazi aliyekuwa akipepeta. Kabula alikuwa na kikombe mdomoni. Mama akamwona, mtoto akamwona mama, akaacha kunywa, akangoja. Nadhani hata jabali lilingoja. Kama angesema "twende," ingekuwa imekwisha, na sote tulijua ni nini kingekuwa kimekwisha. Mama Kabula akainama, akamnyang'anya shangazi ungo. "Mnapepeta kama mnafukuza nzi," alisema. "Sogea." Akaketi. Mchanga ukaanza kuruka upande mmoja na dagaa upande mwingine kana kwamba wameagizwa. Kabula akamaliza uji. Toka siku ile mama yake alikuwa mpepetaji wetu, alikuja kabla ya wote, alinigombeza kuhusu kuni, na uji ulipoiva alikunywa wa kwake, kwa kuwa aliyefanya kazi hali cha bure.

Natamani ningesema mtoto alinenepa. Kwanza alikonda. Maji yalipotoka miguuni, tukaona kilichokuwa chini yake: mifupa na ngozi, uso mdogo kama wa bibi kizee. Niliogopa hata kutoka nje kwenda uani. Mama Kabula alimpandisha kwenye magoti ya Bibi Salome mbele yetu sote. "Mnampa nini mwanangu? Alikuwa amejaa, mmemmaliza!" Bibi Salome hakumpandishia sauti, kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Yale hayakuwa mafuta, mama. Yalikuwa maji. Sasa ndiyo tunamwona mtoto. Twende hospitali wote wawili, wakuambie wao, usiniamini mimi." Walikwenda, wakalazwa, na kwa majuma yale sisi tulipika bila kusemezana sana, na mimi nilijipeleka hospitali kwa miguu yangu mwenyewe na chupa ya uji kwapani, jambo ambalo shangazi alilitangaza mtaa mzima kama kupatwa kwa jua.

Waliporudi, Kabula alikuwa hana soksi. Nywele zikaanza kuota nyeusi. Na siku moja, nilipokuwa namwondoa kwenye jabali ili mwenzake apate zamu ya kuteleza, aliniuma mkono. Aliuma kweli kweli, meno yote. Nililia kwa maumivu, na akina mama wakapiga vigelegele, na Mama Kabula akaficha uso kwenye ungo, mabega yanacheza. Hakuna aliyenipaka dawa.

Kabula huyo sasa anauza vipuri vya pikipiki mjini, ana duka lake na sauti ya Bibi Salome, sijui aliirithi vipi. Msibani yeye ndiye aliyekuwa anawapanga vijana wa kuleta maji. Nilimtazama akipita, viatu virefu, miguu imara, nikaanza kuwasimulia akina mama wa pale jikoni, hasa wale vijana wasioijua habari. Nilisimulia vizuri, nafikiri. Nilieleza ujanja wa shangazi, jinsi nilivyodanganya kwamba ungo wetu umetoboka, jinsi tulivyomnasa jirani kwa adabu yake mwenyewe. Walicheka, walisikitika, mmoja akasema kweli Mungu hutumia watu wa kila aina, akinitazama. Nikamgeukia Mama Kabula, nimejaa fahari, nikamwuliza kama hakujua siku zile kwamba ule ungo ulikuwa mtego.

Alipuliza pumba kwenye mchele wake, akatoa jiwe, akalitupa.

"Ungo gani, Deo? Mtoto wangu alikuwa anakufa, mimi nifikirie ungo? Nilimwacha aje kwenu kwa ajili yako wewe: hutoki, huna rafiki, hata ungetaka kunisema ungemwambia nani?"